Koti la Bati la Kumpare Teban

Nianze kwa kuapa: waya niliofunga mimi hauyeyuki. Nimefunga nyaya za magari hapa mjini Leon miaka ishirini na saba, tangu enzi zile wanaume walipokuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimekaa mbele ya macho yao, testa mdomoni. Siku hizi hawaulizi tena. Kwa hiyo Jumanne ile Kumpare Teban aliporudi karakanani kwangu mara ya tatu ndani ya wiki tatu, jipni yake, lile gari lake refu la abiria na mizigo, ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la kabichi, damu ilinichemka.

"Kumare Salud," akasema, akishuka na kofia mkononi utadhani amekuja kutoa rambirambi, "usikasirike."

"Nimeshakasirika. Fungua boneti."

Akafungua. Harufu ikanipiga usoni kabla sijainama. Waya unaokwenda kwenye kile kifaa kidogo cha kufungulia mafuta, niliokuwa nimeufunga siku sita tu zilizopita, ulikuwa umeyeyuka mpaka shaba ikawa uchi. Shaba imegusa chuma, fyuzi imekatika, dizeli imefungwa, injini imezimika. Na mpira wa dizeli uliopita pembeni yake ulikuwa umelainika. Niliubonyeza kwa kidole ukabonyea kama ndizi mbivu.

"Imezimikia wapi?"

"Palepale. Kona ya tatu."

"Kona ya tatu tena!"

"Kona ya tatu," akasema Teban, akiangalia viatu vyake.

Sasa mniwie radhi, lazima niseme kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni. Teban ana binti mmoja, Mayflor, na mimi ndiye niliyemshika huyo binti siku ya ubatizo wake. Ndiyo maana mimi na wazazi wake tunaitana kumare, au Mare kwa kifupi, na kumpare, na udugu wa namna hiyo kwetu ni mzito kuliko wa damu, kwa sababu ndugu wa damu hukumchagua. Wiki aliyozaliwa Mayflor, Teban alipanda ngazi na kopo la rangi nyekundu akaliandika jina lake juu ya kioo cha mbele cha jipni, herufi kubwa zenye ukingo wa dhahabu, kabla hata mtoto hajapelekwa kanisani. Miaka ishirini na minne jina hilo limepanda na kushuka mlima wa Bucari na magunia ya karoti kichwani. Na miaka yote hiyo Teban amekuwa akituambia, tutake tusitake, kwamba siku binti yake akiolewa atapelekwa kanisani na jipni yenye jina lake, na dereva atakuwa baba yake.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Na haikuwa mjini, ambako hata toroli lingefika. Ilikuwa juu kabisa mlimani, kwenye kikanisa cha kwao bwana harusi, kwa sababu bibi yake, Lola Paz, ana miaka tisini na mmoja na alishasema hashuki mlima huo tena ila kwa jeneza. Sasa nani ambishie?

Mke wa Teban akaingia nikiwa bado nimeinamia injini. Consing hagongi hodi; sauti yake humtangulia.

"Haya, Mare, mwambie huyu mwanaume! Mimi nimechoka kusema! Mwanangu hapelekwi kuolewa kwa kusukumwa! Avae gauni jeupe, halafu akwame kona ya tatu na kuku za watu? Nimeshaongea na mwenye ile gari ya viyoyozi. Anataka jibu Alhamisi jioni."

"Gari ile haina jina la mtu," Teban akanung'unika.

"Ina breki na inafika!"

"Na hii ina breki."

"Ndiyo, ina breki! Breki ndiyo kitu pekee inachokijua, kusimama!" Akanigeukia, na sauti ikashuka kidogo. "Mare, sisemi ni wewe. Lakini kituoni wanasema waya za Salud siku hizi ni za kufungia mifuko."

Loh! Nilisikia masikio yakiwaka. Nikamwambia Consing awaambie watu wa kituoni waje wenyewe waseme mbele yangu, niwaonyeshe mfuko unafungwaje, na wa kwanza kufungwa mdomo ni yule mkata tiketi. Akacheka. Teban hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya jipni akilitazama lile jina, na macho yake yalinitia uchungu.

"Mpaka Alhamisi," nikamwambia Consing. "Nipe mpaka Alhamisi. Ikishindwa, mpigie simu huyo wa viyoyozi, na nauli nitachangia mimi."

Nilifanya kazi ile mchana kutwa, na niliifanya kwa hasira, ambayo kwangu ndiyo dawa ya kufukuza usingizi. Nilivuta waya mpya, nikauunga kwa solda ya moto, nikaupitisha mbali na ekzosi, upande wa ukuta. Nikauvika soksi ya nyuzi za kioo yenye ngozi ya fedha kwa nje, ile ambayo hata ukiishika kwa koleo juu ya jiko inakucheka. Nikabana ncha zake mbili, maana soksi isiyobanwa ncha inaingiza joto kwa mlango wa nyuma. Mpira wa dizeli nikautoa, nikaweka mwingine mnene, nao nikauvika. Niliporudi nyuma kutazama, nilijisifu kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kunisaidia kujisifu.

Kisha nikakaa kwenye benchi, mikono myeusi mapajani, na sikuinawa. Hapa kwetu kila mtu anajua kwa nini. Mkono uliotoka kwenye moto usikutane na maji baridi. Ukikutana nayo unapata pasma. Mishipa inasimama, vidole vinatetemeka, na fundi mwenye vidole vinavyotetemeka akatafute kazi ya kupiga kengele. Mama yangu alikuwa mpiga pasi, hakuwahi kunawa kabla ya saa nzima kupita, na alikufa akiwa na mikono ya msichana. Teban naye ni hivyohivyo. Akishuka kwenye usukani, hata glasi yenye barafu hashiki, anaomba ashikiwe.

"Kumpare," nikamwambia jioni hiyo akija kuchukua gari, "kesho napanda na wewe mpaka juu."

Akashtuka. "Wewe? Kufanya nini?"

"Kuangalia waya wangu unakufa vipi."

"Ah, Kumare, barabara mbaya, mgongo wako..."

"Mgongo wangu nimeuleta mwenyewe duniani, nitautunza mwenyewe. Kiti cha mbele."

Nikajua kuna jambo. Mtu niliyemjua miaka thelathini ananikwepa macho! Lakini nilidhani ni pombe, au labda kuna mjane kona ya tatu. Mungu anisamehe.

Jumatano tukaondoka saa nne asubuhi. Nyuma kulikuwa na akina mama wa sokoni wanne wakirudi kwao, magunia mawili ya mchele, na kreti za soda za harusi yenyewe. Injini iliimba vizuri. Tulipita mashamba ya chini, jua limewaka, na mimi nimeweka kiganja kwenye kifuniko cha injini kilicho kati yangu na Teban, nasikiliza joto. Lilikuwa joto la kawaida, la jiko linalopika wali. Nikaanza kufurahi.

Tukafika kwenye kibanda cha abiria chini ya mteremko mkubwa, mahali ambapo ukiinua macho unaona mawingu yamekalia mlima. Teban akasimamisha gari.

"Kuna nini?"

"Hamna. Dakika moja tu."

Akashuka. Akainama chini ya kiti chake, akatoa kipande cha bati la paa, kipana kama meza, kingo zake zimekunjwa vizuri zisikate mtu. Akafungua boneti, akalisukuma lile bati kati ya wavu wa mbele na rejeta, likaacha upenyo wa kiganja tu juu. Kisha akatoa magunia makuukuu mawili, akayashindilia kwenye matundu ya pembeni, moja kulia, moja kushoto, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto miguu. Akafunga boneti, akaipigapiga kidogo, akarudi kuketi.

Nilikuwa nimekodoa macho, mdomo wazi.

"Teban," nikasema. Sikusema hata kumpare. "Hiyo ni nini?"

"Koti."

"Koti!"

"Huko juu kuna mvua, Kumare. Mvua ya baridi. Injini imepanda, ina moto, halafu maji ya baridi yaipige kifuani? Si itapata pasma?"

Jamani! Nikageuka nyuma kutafuta mashahidi. Wale akina mama wanne walikuwa wananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mjinga.

"Kila mawingu yakitanda anaivalisha," akasema mmoja wao. "Hukujua?"

"Mlijua wote?"

"Si jambo la siri," akasema mwingine. "Gari ya shemeji yangu ilioshwa ikiwa na moto, ikapasuka kichwa. Pasma hiyo."

"Ni kichwa cha chuma kile, si cha mtu!"

"Chuma nacho kinauma, fundi."

Nikamgeukia Teban. "Wiki tatu! Wiki tatu nafunga waya, nafungua waya, natukanwa kituoni, na wewe unaifunga injini ndani ya blanketi na kuipandisha mlima! Joto litatokea wapi, niambie? Puani? Unaifungia pumzi halafu unashangaa imezimia! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ni fundi wa umeme. Pasma si umeme."

"Na kwa nini ukija kwangu bati halipo?"

"Huko chini hakuna baridi. Koti la nini?"

Kwa akili yake ilikuwa sawasawa kabisa. Hicho ndicho kilichonikera zaidi.

"Injini haipati pasma, Teban. Ni chuma na mafuta. Hiyo inataka upepo."

Akaniangalia mikono. Ilikuwa bado na weusi wa jana kwenye kucha.

"Jana ulipomaliza kuichomea solda," akasema polepole, "ulinawa?"

Nyuma pale akina mama wakaguna, "Ehee!"

"Usinitoe kwenye habari," nikasema.

"Ulinawa, Kumare?"

Nikamwambia aondoe bati, akakataa. Nikamwambia basi apande nalo, nione kwa macho yangu. Akapanda. Kona ya kwanza kifuniko cha injini kilishakuwa cha kukaangia yai. Kona ya pili nikatoa kiganja. Manyunyu yakaanza kugonga kioo, na Teban akaniangalia kwa jicho la ushindi, la mtu ambaye mgonjwa wake amevikwa vizuri. Kona ya tatu injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nyuma, kreti za soda zikagongana, kisha mama mmoja akaanza kuteremka bila kuambiwa, kwa mazoea.

Tukafungua boneti, moto ukatutoka usoni kama tumefungua tanuri la mikate. Waya wangu mpya, ndani ya soksi yake ya fedha, ulikuwa umetoka jasho mpaka ncha yake ikagusa chuma. Soksi ilikuwa nzima! Hilo naliapia. Soksi inakinga mwali wa upande mmoja. Haiwezi kukinga kitu kilichochemshwa pande zote kama kiazi sufuriani. Na la ajabu ni hili: rejeta haikuwahi kuchemka, kwa sababu kila mara waya ulikufa kwanza ukaizima injini. Mshale wake wa kuonyesha joto ulikufa tangu Mayflor aote meno. Kama waya wangu ungekuwa mgumu zaidi, angepasua injini nzima. Waya wangu ulikuwa unamfia yeye, na watu wakasema ni wa kufungia mifuko.

Nilikuwa tayari kumwambia yote hayo, na mengine ya mama yake. Lakini Teban alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, na mvua inamnyeshea mabegani, mikono ameificha kwapani isilowe.

"Mwezi uliopita," akasema, "siku walipokuja wakwe kupanga tarehe, nilipanda hapa na mvua ikaipiga. Ililia, Kumare. Tsss! Moshi mweupe mpaka kwenye kioo. Nikasema, hii ikipasuka sasa, kabla ya harusi, mimi nitakuwa nimemwahidi mtoto maisha yake yote kitu ambacho sina. Sina nyumba ya maana ya kumpa. Sina shamba. Nilikuwa na jipni hii tu. Ndiyo nikaikatia bati."

Hasira yote ikaniisha. Niliona aibu hata kwa yale niliyokuwa nimeshayasema. Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu mtu alikuwa analia kweli, ingawa alisingizia mvua.

"Lete hilo bati," nikamwambia.

"Unalitupa?"

"Lete, nimesema."

Tulisubiri injini ipoe, nikaunga waya kwa muda, tukapanda salama bila koti, Teban akisononeka njia nzima kama anayempeleka mtoto shule bila sweta. Tulishusha mchele na soda, tukarudi. Alhamisi alfajiri nikalilaza lile bati kwenye meza yangu, nikalikata katikati.

Nusu moja nikaikunja ifuate umbo la ekzosi, nikaifunga kati ya ekzosi na njia ya waya na mpira wa dizeli. Sikuigandamiza popote. Kila bolti niliiwekea washa tatu, vile vipete vya chuma, ili bati lisimame mbali kidogo na upepo upite nyuma na mbele yake, kwa maana bati linalogusa moto linakuwa moto lenyewe. Upande unaong'aa nikauelekeza kwenye ekzosi. Matundu ya pembeni nikayafagia mpaka nikaona mwanga. Teban alisimama nyuma yangu, ananihesabia bolti.

"Kwa hiyo bado lina kazi," akasema.

"Lina kazi. Ulikuwa umeliweka mahali pa kuzuia baridi. Adui wako si baridi. Adui wako ni huyu hapa," nikagonga ekzosi kwa bisibisi, "na umelala naye chumba kimoja miaka yote."

"Na hii nusu nyingine?"

"Itupe."

Akaichukua, akatoka nayo nje.

Consing alikuja mwenyewe kupanda, kama hakimu, na simu mkononi, namba ya mwenye gari ya viyoyozi imeshawekwa tayari. Nikamwambia simu isingoje maneno yangu, ingoje mshumaa. Nikachukua kile kimshumaa kifupi kilichokuwa mbele ya sanamu ya Mtakatifu wa Teban kwenye dashibodi, nikakikata vipande viwili. Kimoja nikakifunga kwa uzi juu ya mpira wa dizeli, kwenye kona yake iliyo karibu zaidi na moto. Kingine nikampa Consing ashike.

"Tukifika juu," nikasema, "tunafungua. Kikiwa majimaji, piga simu. Kikiwa kizima, funga mdomo."

"Mare, mdomo wangu una uhusiano gani na mshumaa?"

"Panda gari."

Kwenye kibanda cha abiria Teban alipunguza mwendo kwa mazoea, mkono ukaenda chini ya kiti. Mimi na Consing tukasema kwa pamoja, "Ng'oo!" Akapita. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mvua ikaanza, ile ya baridi, na kutoka chini ya boneti ikasikika ile sauti yake, tsss, matone yakifa juu ya chuma. Teban alifumba jicho moja.

"Inalia," akanong'ona.

"Inapumua," nikamwambia. "Kanyaga."

Kona ya tatu tukaipita. Consing alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba pete yake iliniachia alama. Kona ya nne, ya tano, halafu misonobari, halafu kikanisa kile cheupe na mlango wake wa bluu. Teban akazima gari yeye mwenyewe, kwa ufunguo; safari hii haikumzimikia njiani.

Tukafungua boneti. Kipande cha mshumaa kilikuwa palepale, kimelegea pembeni kidogo, lakini kizima, na uzi wake. Consing akakilinganisha na alichoshika mkononi. Chake ndicho kilichokuwa kimeyeyuka zaidi, kwa jasho la kiganja na kukifinya njia nzima. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Naye akapiga simu, akamwambia mwenye gari ya viyoyozi asante, harusi imepata usafiri.

Jumamosi, saa saba mchana, Mayflor aliketi mbele, kati ya baba yake na dirisha, gauni limejaa mpaka kwenye gia. Mimi na Consing na mashangazi tulikuwa nyuma. Jina lake lilikuwa limepakwa rangi upya. Alipotoka nyumbani alisimama mbele ya gari, akaligusa kwa ncha za vidole, akamwambia baba yake, "Tatay, nilidhani Mama atashinda." Teban alipiga honi.

Mvua haikungoja kona. Ilitupokea tukiwa bado chini, na kufika kona ya tatu ilikuwa inamwagika kwa ndoo. Tsss, tsss, mvuke ukafunika kioo. Nilimwona Teban kwenye kile kioo cha ndani. Mikono imekaba usukani. Mguu wake ukalegea kidogo.

"Tatay," akasema Mayflor, "endesha."

Akaendesha.

Tulisimama mbele ya kikanisa. Watu wamejaa mlangoni, Lola Paz mbele yao kwenye kiti, anapunga leso. Kati ya jipni na mlango kuna hatua thelathini za matope na mvua. Na hapo ndipo Consing akajipiga paji la uso.

"Miavuli!"

"Miavuli imefanya nini?"

"Nimeiacha mezani! Miavuli yote! Mama yangu wee, gauni!"

Mashangazi wakaanza kulaumiana. Mimi nikaanza kuvua koti langu. Teban alikuwa ameshashuka. Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango upande wa binti yake, akainama, na kutoka chini ya kiti akatoa ile nusu ya bati, kingo zimekunjwa upya, safi, imepakwa rangi nyekundu na ukingo wa dhahabu.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Nilikwambia utupe!"

"Sikukusikia, Kumare," akasema. Siku hiyo hakuwa na sikio la kumsikia mtu.

Akaliinua juu kwa mikono miwili. Mayflor akaingia chini yake, amekusanya gauni kifuani, wakaanza kutembea. Mvua ilipiga bati lile kwa kishindo, watu mlangoni wakashangilia. Yeye hakuwa amejifunika hata kidogo. Maji yalimtiririka kwenye mikono ile iliyotoka kwenye usukani sasa hivi, mikono ya dereva ambayo kwa miaka thelathini haikuwahi kushika hata glasi ya barafu baada ya kazi.

"Kumpare!" nikaita. "Mikono yako! Utapata pasma!"

Hakugeuka. Alitembea hatua zote thelathini, polepole, akiangalia anapokanyaga binti yake, na hakuliteremsha bati mpaka Mayflor alipokuwa ndani, mkavu, mbele ya Lola Paz.

Wiki nzima iliyofuata mikono ya Teban ilitetemeka. Alikunywa kahawa kwa mikono miwili, na ufunguo wa gari akawa anamwachia Consing aingize. Kila aliyemwuliza alimwambia ni pasma, kwa fahari kabisa. Mimi ni fundi, na ningeweza kumweleza mambo mengi kuhusu chuma na maji na nyama ya mtu. Sikumweleza. Nilimchemshia maji ya tangawizi na chumvi, nikamwambia aiweke mikono humo mpaka maji yapoe.